Koleji ya Glody

Msusi akishakushika kichwa, huna pa kukimbilia. Colette alilijua hilo, ndiyo maana habari zake kubwa alizitunza mpaka mteja awe amekaa kitini, shingo imeinama, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Jumatano hiyo, katika saluni ya ghorofa ya chini pale South Beach, aliyekaa kitini alikuwa Nyanchama, Mkenya anayefundisha chuo kikuu. Colette hakuweza kungoja hata mistari mitatu iishe.

"Madam, mtoto wangu ameingia médecine."

"Gracieuse? Wacha!" Nyanchama alitaka kugeuka, nywele zikamvuta zikamrudisha. "Si ulisema walimkataa?"

"Ni wale ba mwanzo walimukataa. Sasa amepata fasi ingine. Jumapili tunafanya action de grâce, tunashukuru Mungu kanisani. Utakuja, si ndiyo?"

Alikuwa na haki ya kujivuna. Binti yake alikuwa amemaliza matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa alama ambazo hata mwenye jengo wanamoishi alizisikia, akampa mkono kwenye lifti. Aliomba udaktari akakataliwa, kama walivyokataliwa watoto wengi wenye alama kama zake, na nyumba ikakaa kama ya matanga. Kisha Gustave, mume wa Colette, akarudi kutoka mazoezi ya kwaya akicheka peke yake. Amepata shule. Mtoto atakuwa daktari. Kufika Jumapili pasta alikuwa ameshatangaza.

"Amepata wapi?" aliuliza Nyanchama.

"Hapa tu mjini. Koleji ya Glody."

Glody hakuwa mwenye koleji, ila pale kanisani hakuna aliyejishughulisha kulijua jina halisi la koleji. Ilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, na Glody, kijana wa kwaya ambaye shati lake halikujikunja hata katika joto la Februari, ndiye aliyekaa mezani kuandikisha wanafunzi. Nyanchama aliijua. Colette alimwona kwenye kioo akifumba mdomo, akaufungua, akaufumba tena.

"Sema tu, Madam."

"Mama Gracieuse, mimi si mtu wa kuharibia mwenzangu furaha. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimekukosea. Hiyo college inatoa diploma. Kazi ndogondogo za hospitali, sawa, anaweza kupata. Udaktari, sijawahi kusikia aliyeingia kwa hiyo."

"Bwana yangu anasema miaka tatu ya kwanza ni hapo, halafu anapanda juu."

"Anapanda wapi? Nani anampandisha?"

Vidole vya Colette ndivyo vilivyojibu.

"Aii! Mama, hicho ni kichwa, si kamba ya mbuzi!"

"Pardon, Madam."

Nyanchama alijipapasa utosi, akaendelea kwa upole, maana mtu aliyeshikwa nywele hujifunza upole haraka. Alisema hapa kuna njia mbili. Mtoto anaingia udaktari moja kwa moja kutoka shule, au anasoma digrii nyingine kwanza, anaimaliza vizuri, ndipo anaomba tena. Na digrii yenyewe iwe ya chuo kinachotambuliwa, iwe na masomo ya mwili wa binadamu na kemia yake. "Hata huko wanachukua wachache. Sitakudanganya, ni wachache. Lakini mlango uko. Kwani chuo kikuu hawakumpa kitu chochote?"

Walimpa. Walimpa nafasi ya BSc, digrii ya sayansi yenye masomo hayohayo, na mpaka leo haijajibiwa. Gustave alipoisikia aliuliza, "Sayansi ya nini? Ya vipepeo?" na hapo mjadala ukafungwa. Mwisho wa kuijibu ulikuwa Ijumaa.

Colette alimaliza kichwa kile kwa adabu ya baridi, akapokea pesa, na kwa mara ya kwanza hakumsindikiza Nyanchama mpaka mlangoni. Alimchukia kabisa, mama wa watu, kwa kosa la kusema kweli.

Alikuwa anafagia nywele sakafuni alipoingia msichana mgeni kutafuta kazi. Estella, mwenye saluni, hakunyanyua hata macho.

"Umeleta kichwa?"

Msichana akatoa simu, akaanza kumwonyesha picha za misuko, moja nzuri kuliko nyingine.

"Hapana, dada. Picha hata mimi ninazo, nazitoa mtandaoni. Niletee mtu uliyemsuka, nimshike kwa mkono wangu."

Ndivyo ilivyokuwa desturi pale, na Colette mwenyewe aliajiriwa hivyo, kwa kumleta jirani yake aliyemsuka bure. Alikuwa ameyasikia maneno yale mara nyingi mno. Siku hiyo alisimama na ufagio mkononi, akamtazama yule msichana akitoka kichwa chini, na kwa mara ya kwanza akayawaza nje ya saluni.

*

Gustave alirudi kutoka Jacobs jioni, vumbi la sponji limemkaa kwenye nyusi, maana kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha magodoro huko. Walikuwa wanakaa chumba kimoja cha fleti, cha pili wanakaa watu wengine, na katikati kuna ubao usiofika darini. Kwa hiyo waliogombana mle waligombana kwa kunong'ona, jambo linalochosha kuliko kupiga kelele.

"Huyo Mkenya iko na wivu," alisema Gustave. "Mutoto wake yeye iko anasoma nini?"

"Hana mtoto."

"Unaona!"

"Gustave, mimi nauliza tu. Akimaliza kwa Glody, nani anamupandisha?"

"Anapanda mwenyewe! Graduat, ile ya mwanzo, miaka tatu, halafu doctorat, udaktari wenyewe. Dunia nzima iko vile. Bon, tumuulize daktari mwenyewe, turudi kula."

Daktari mwenyewe alikuwa Papy, kaka mkubwa wa Gustave, anayetibu watu kwao Bukavu. Nyumbani humo walimwita Yaya Papy, kwa maana ya kaka mkubwa, na neno lake halikuwa na wa kulipinga. Nusu ya pesa ya kumwandikisha Gracieuse ilitoka kwake. Simu ikawekwa katikati ya meza, kando ya bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Écoute, Gustave," ilisema sauti, mbali kidogo, "mimi nilianza graduat, miaka tatu, nikapanda doctorat. Hakuna siri yoyote. Mutoto asome tu."

"Umesikia?" Gustave alimwambia mkewe, na uso wake ulikuwa umeshashinda kesi.

Gracieuse, ambaye mpaka hapo alikuwa anazungusha kijiko, akainama karibu na simu. "Papa mkubwa, shikamoo. Graduat ulisomea wapi, na doctorat wapi?"

"Shule moja, mama. Nilibadilisha tu ghorofa."

Wote wakacheka, hata jirani wa upande wa pili wa ubao. Gracieuse peke yake hakucheka.

"Hapa si shule moja, papa," alisema simu ilipokatika.

"Sasa unanifundisha mimi? Kanisa zima linajua unaingia médecine. Unataka nisimame mbele ya watu niseme nini? Kama wewe iko unaogopa kusoma, sema."

Maneno yale yalimuuma Colette kuliko yalivyomuuma mwenyewe. Alimfuata binti yake jikoni, wakasimama karibu na sinki kama watu wanaoosha vyombo.

"Ulijua?"

"Nilisema, mama. Siku ileile. Papa aliniuliza kama nataka kumuaibisha. Halafu pasta akatangaza." Sauti yake ilikuwa imechoka, sauti ya mtu mzima. "Sasa kila mtu nikikutana naye kwenye ngazi ananionyesha mgongo unaomuuma, nimtibu. Maman Laurette amenionyesha mpaka jipu."

Colette alitaka kucheka, ikashindikana. Aliliona jambo zima pale kwenye sinki. Ijumaa ikipita bila jibu, nafasi ya chuo kikuu imekwenda. Mtoto atavaa koti jeupe kwa Glody miaka mitatu, watu watampigia makofi miaka mitatu, na mwisho wake atasimama mbele ya milango ya shule za udaktari na karatasi isiyofungua hata mmoja. Na Gustave, kwa kichwa chake kigumu na mapenzi yake yote, ndiye atakayekuwa amemsindikiza.

"Kesho tunaenda kulipa," alisema. "Twende. Lakini mimi nina swali."

*

Alhamisi Gustave aliomba ruhusa kazini, akavaa suti ya kanisa. Mlinzi wa pale chini aliwataka makaratasi ya ukimbizi, akayageuza huku na huku kana kwamba yameandikwa na wao wenyewe. Juu, msichana wa mapokezi aliwasemesha Kiingereza kwa sauti kubwa na polepole, namna watu wanavyosemesha viziwi, na Gustave, anayezungumza lugha tano, akamjibu, "Yes, thank you, my sister," akiinama. Colette alitazama pembeni.

Kuta zilijaa picha za vijana wenye meno mazuri na makoti meupe, vifaa vya kupimia moyo shingoni. Glody alikuja anatabasamu, akamvisha Gracieuse koti la kujaribia. Mabega yalimpwaya. Gustave alirudi nyuma hatua kadhaa ampige picha, akashindwa kubonyeza simu, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa maji. Colette alipomwona hivyo ujasiri ulimtoka. Alikumbuka mambo mengi ya mume wake kwa dakika moja, na angekuwa mwanamke wa kupenda amani tu, angenyamaza.

"Ndugu Glody," alisema, "mbele ya kulipa, nina swali."

"Uliza, maman."

"Kwa saluni yetu, ukikuja kuomba kazi unaleta kichwa umesuka. Si picha. Mtu. Mimi naomba unionyeshe mutoto mumoja, mumoja tu, aliyesoma hapa, leo iko kwa shule ya udaktari. Nimupigie simu, nisikie sauti yake."

"Colette!" Gustave alisema kwa aibu.

"Maman, hizi picha zote..."

"Hizo ni picha, ndugu."

Glody akacheka kidogo. Akanyoosha kalamu mezani, akafungua droo, akaifunga. Msichana wa mapokezi alikuwa hajui Kiswahili, lakini Glody alimtazama kwanza, kisha akavuta kiti chake karibu nao na kushusha sauti.

"Maman, kichwa unatafuta ni hiki hapa. Ni mimi."

Hakuna aliyeelewa.

"Nilisoma hapa. Nilitaka médecine, kama Gracieuse vile. Nilimaliza vizuri, wa kwanza wa darasa, waliniita mbele na makofi. Nikapeleka diploma kwa shule za udaktari. Hata interview sikupata. Wengine hawakujibu mpaka leo." Alijipapasa kola ya shati lile lililonyooka. "Basi directeur akasema naongea na watu vizuri, nikae kwa hii meza. Koleji si ya wezi, maman. Wenzangu iko wanafanya laboratoire, iko mumoja kwa pharmacie, wanakula vizuri. Lakini médecine, hapana. Hakuna."

Mashine ya hewa ya baridi ilikuwa inanguruma juu yao. Gustave alikuwa bado ameshika simu mbele ya uso, tayari kwa picha.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza hatimaye.

"Papa Gustave, wewe ulikuja umeshajua yote. Ulinieleza mwenyewe vile inaendaga, graduat, doctorat, yaya yako daktari. Nilianza kusema, ukanikumbatia." Glody alitazama chini. "Na mimi, quand même, nakula hapa. Naomba musamaha."

Colette alijiandaa kwa kishindo. Katika ndoa yao Gustave alikuwa amewahi kumfukuza fundi, kugombana na mwenye nyumba na kususa ubatizo wa mtoto wa rafiki yake kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini alisimama tu, suti imembana makwapani, akamwendea binti yake. Akamvua koti, mkono mmoja, kisha wa pili, kama alivyomvua sweta alipokuwa mdogo. Akalikunja vizuri, akaliweka mezani.

"Merci, ndugu," alimwambia Glody. "Kwa kweli. Merci."

*

Huko nje jua lilikuwa linachoma. Walifika kwenye robot, taa za kuongozea magari, ikawaka kijani, Gustave hakuvuka. Ikawa nyekundu, ikarudi kijani, watu wakawapita wakiwasukuma.

"Ile ya vipepeo," alisema bila kumtazama mtu, "inafungwa kesho?"

"Ndiyo, papa. Lakini naweza kujibu hata sasa. Kwa simu."

"Basi unangojea nini? Jibu!"

Gracieuse akatoa simu, akaegemea ukuta wa benki. Akabonyeza, akangoja, akauma mdomo. "Data imeisha."

"Eish!" alisema Gustave, na yeye, mtu wa makamo aliyevaa suti, akakimbia kuvuka barabara, gari zikampigia honi, kwenda kwa kijana anayeuza vocha chini ya mwavuli. Alirudi jasho linamtiririka. Wote watatu wakainama juu ya kioo kidogo cha simu, wakiweka kivuli kwa mikono yao ili mtoto aone. Ukurasa ulifunguka polepole kama kwa kusudi. Gracieuse akakubali. Akawaonyesha neno lilipoandikwa. Colette akalisoma, akalisoma tena, akajikuta ameketi kwenye ngazi za benki na gauni lake la heshima, anamshukuru Mungu kwa sauti ya juu mbele ya walinzi.

Pesa waliyokuja nayo ingetosha kumwandikisha chuo kikuu, ya mwaka mzima haikuwepo. Gustave alisema ataomba zamu za Jumamosi. Colette alisema Estella amekuwa akimwomba abaki mpaka jioni. Walilisema hilo kwa wepesi ambao hawakuwa nao siku nyingi, kama watu waliokuwa wanabeba mzigo usio wao na sasa wamepewa wa kwao.

"Na baada ya miaka mitatu wakikukataa tena?" Gustave aliuliza ndani ya teksi. Hakuuliza kwa ubishi. Aliogopa tu, na sasa aliweza kuonyesha kwamba anaogopa.

"Wakikataa nitaumia, papa. Nitalia sana. Lakini nitakuwa na digrii, na digrii inanifungulia vingine, na naweza kuomba tena. Kwa Glody ningekuwa nimefika mwisho bila kujua."

Gustave aliligeuza hilo kichwani mpaka teksi ikafika kwao. Kabla ya chakula alimpigia kaka yake, akatoka kwenye korido ili asisikike, lakini sauti ya Papy ilijaa korido nzima. Kwanza kicheko.

"Donc kwetu wanatuingiza wote, halafu wanatufukuzia ndani, kwa mitihani. Huko wanafukuzia kwa mlango! Mbona hukuniambia si shule moja, nilikuwa nasema tu juu ya shule yangu. Mwambie mutoto aendelee na vipepeo."

*

Iliyobaki ilikuwa Jumapili. Gustave hakunywa hata chai. Alimwambia Colette kwamba yeye mwenyewe angeweza kumpigia pasta aahirishe, aseme mtoto anaumwa. Colette alimfunga tai, akamwambia, "Ukimufanya mugonjwa leo, Jumapili ijayo utamufanyia nini?" Gustave alicheka kidogo, wakaondoka.

Pasta alipowaita, walipanda wote watatu. Watu wakaanza kupiga vigelegele kabla hawajafika mbele. Gustave alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, "binti yetu hakuingia médecine. Niliwaambia aliingia, na mimi ndiye nilikosea. Si yeye. Nilifikiri hapa iko kama kwetu. Ameingia chuo kikuu, anasoma sayansi ya mwili wa mtu, miaka mitatu. Akimaliza ataomba médecine. Wanaweza kumukubali, wanaweza kumukataa. Ile sisi tunashukuru Mungu leo ni kwamba anasoma kitu kitamufikisha fasi. Nisameheni."

Colette aliwaona wanawake wa safu ya pili wakitazamana, akajua leo mchana watasemwa wapi na wapi. Gustave alikuwa bado ameshika kipaza sauti, hajui aende wapi nacho.

Ndipo mtu mmoja akapiga makofi, nyuma yao, kwenye kwaya. Alikuwa Glody. Alipiga peke yake kwa muda, amesimama, shati limenyooka. Kisha kwaya nzima ikaitikia, kisha safu ya mbele, na Maman Laurette wa jipu akatoa kigelegele kilichowashtua watoto. Gustave akageuka, akamwona Glody, akamwinamia kichwa.

Baadaye kulikuwa na chakula uani. Watu walimzunguka Gustave wakimuuliza juu ya shule za watoto wao, naye akawajibu mara nyingi zaidi kwamba hajui, ataulizia. Colette aligawa samaki na fufu na macho yake hayakumwacha binti yake. Tangu barua za kukataliwa zianze kuja, Gracieuse alikuwa anachezea chakula, anapeleka sahani jikoni ikiwa nusu, anasema ni joto. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya wasichana wenzake, amekunja mikono ya gauni, anachambua kichwa cha samaki kwa vidole. Akainuka, akaja na sahani tupu.

"Mama, bado iko?"

"Iko," alisema Colette, akageukia sufuria haraka ili mtoto asimwone uso. "Iko mingi. Leta sahani."